Tanzia ya Kuchekesha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukishajulikana kuwa unaandika-andika, kila msiba utakufikia: "Hebu tusaidie na maneno ya mzee." Nimesaidia kiasi, hasa kuandika tanzia (maandishi ya kumkumbuka marehemu) zenye kuchekesha, na maswali huwa ni yale yale. Haya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa mstari mmoja kwa sababu hayahitaji zaidi.

Tanzia na kichekesho vinakaaje chungu kimoja?

Wahakiki wa fasihi walishakwama hapo zamani. Kwao tanzia ni mchezo wa majonzi, ule ambao shujaa anaangamia, na ramsa ni mchezo wa furaha. Kisha wakalazimika kuunda neno la tatu, tanzia-ramsa, maana kazi nyingi ziligoma kukaa upande mmoja. Maisha nayo yamegoma hivyo hivyo. Aliyewahi kukaa na wafiwa usiku anajua: mmoja analia, mwingine anakumbusha siku marehemu alipopanda basi lisilo lake akakataa kushuka kwa aibu, na yule aliyekuwa analia anacheka huku machozi hayajakauka. Tanzia ya kuchekesha inaandika yale yaliyosemwa usiku ule, kabla hayajafutwa na lugha ya heshima ya asubuhi.

Kejeli ni kitu kingine. Kejeli inamcheka marehemu. Hii inacheka naye. Kabla ya kila sentensi jiulize kama angekuwepo angeangua kicheko au angetoka nje.

Tangazo la kifo, tanzia, wasifu wa marehemu: je, ni kitu kimoja?

Hapana. Tangazo la kifo kwa kawaida hulipiwa, na kazi yake ni kueleza nani, lini, na mazishi wapi. Tanzia ya gazetini huandikwa na mwandishi wa gazeti kwa sababu marehemu ni habari. Familia hailipi wala haichagui maneno. Wasifu husomwa mbele ya waombolezaji. Wanaoandika kwa utani huvichanganya vyote vitatu, na si kosa, mradi ukumbuke jambo moja: usitanie saa wala mahali pa mazishi. Andika "saa nane mchana kamili" bila pambo. Mtu akikosa kuzika kwa sababu ya mzaha wako, hatausamehe, na atakuwa na haki.

Mimi si mchekeshaji. Vichekesho nitavitoa wapi?

Usivitoe popote. Tanzia nyingi za utani huharibika kwa sababu mwandishi ametaka kuonekana yeye ndiye mcheshi, na marehemu anabaki kama mwalikwa kwenye msiba wake mwenyewe. Kichekesho kiwe chake. Wewe kazi yako ni kukumbuka kwa usahihi.

Sifa ndiyo adui wa kwanza. "Alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu." Hakuna aliyewahi kucheka kwa kulisoma neno "mcheshi", na sifa hizo tatu ungeweza kumvika yeyote aliye makaburini. Badala ya "alipenda kusafiri", andika: "Alitembelea nchi kumi na moja, na katika zote alilalamikia mito ya kulalia." Badala ya "alikuwa na msimamo", andika: "Alibishana na ramani ya simu hadi mwaka wake wa mwisho. Mara mbili alishinda." Ile "mara mbili" ndiyo inayochekesha, kwa sababu inaonyesha kuna mtu alikuwa akihesabu.

Ukienda kukusanya habari, usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Utaletewa gunia la sifa. Uliza alikuwa akirudia maneno gani hadi watu wakayachoka. Uliza ni kitu gani chake ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Uliza alikuwa akiogopa nini ambacho watu wazima hawaogopi. Halafu nyamaza. Anayejibu ataanza kwa unyenyekevu, kisha atacheka, na hapo ndipo uchukue kalamu. Pitia pia droo yake na jumbe alizotuma kwenye simu. Namjua mtu ambaye tanzia yake nzima ilijengwa juu ya orodha aliyoibandika ukutani, "Vitu vya Kurudishiwa", yenye majina ya walioazima na tarehe. Wengine waliotajwa walikuwa mazishini.

Adui wa pili ni maneno yaliyochakaa, lakini huyu anaweza kufugwa. Kila marehemu "ameacha pengo lisilozibika". Basi ikiwa wako alikuwa na pengo mbele na alikataa kuliziba maisha yake yote, andika: "Ameacha pengo lisilozibika, kama daktari wake wa meno anavyoweza kushuhudia." Orodha ya aliowaacha nayo ni uwanja mzuri: "Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, na debe la misumari iliyopinda ambayo siku moja ingefaa." Weka watu kwanza, debe mwisho. Ukianza na debe, mjane atasoma kwamba amewekwa nyuma ya misumari.

Naweza kutaja ubaya wake?

Ndiyo, na mara nyingi ndiko kuliko na mapenzi. Mwenye kupenda huita chongo kengeza, na waandishi wa tanzia wameifanya methali hiyo kuwa ufundi kamili.

Fundi mkuu alikuwa Hugh Massingberd, mhariri wa tanzia wa The Daily Telegraph la London kuanzia 1986 hadi 1994. Kabla yake ukurasa ule ulikuwa orodha ya vyeo na nishani. Yeye akaujaza vituko, vyote vikisimuliwa kwa uso mkavu kabisa, na akauzoesha umma lugha ya mafumbo. Mlevi alikuwa "mchangamfu kwenye mikusanyiko". Mkali asiyevumilika alikuwa mtu "asiyewastahimili wapumbavu". Aliyechosha watu kwa hadithi ndefu alikuwa "msimulizi asiyechoka", na mwongo alikuwa mtu aliyeeleza mambo yake "kwa rangi nyingi". Msomaji mzoefu alifumbua. Aliyekuwa hajui alisoma sifa akaridhika.

Mafumbo ya namna hiyo tunayo tele. "Alikuwa mtu wa watu": hakuonekana nyumbani. "Hakupenda kupoteza muda": hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yake. "Alikuwa makini na fedha": hakuna aliyewahi kuiona pochi yake. Unayaandika kwa utulivu, bila alama ya mshangao hata moja. Alama ya mshangao kwenye tanzia ni sawa na mtu anayekugusa kiwiko akikuuliza kama umeupata mzaha wake.

Mpaka uko hapa: ubaya uliokuwa ukichekwa mbele yake akiwa hai unaandikika. Ubaya uliokuwa ukinong'onwa hauandikiki. Mtoto wa nje, deni lililofichwa, ugonjwa ambao hakutaka utajwe, yote hayo yakae nje, hata kama yana kichekesho kikubwa kuliko vyote.

Je, kama kwa kweli watu hawakumpenda?

Basi usiandike ya kuchekesha. Hasira ikivaa nguo za utani hujulikana kwa mwendo, na wanaoumia ni walio hai. Andika jina, tarehe na mahali pa mazishi, basi. Tanzia fupi kupita kiasi husomwa vizuri sana na wanaojua.

Kuna vifo ambavyo havifai kabisa?

Vipo. Mtoto. Aliyejiua. Aliyeuawa. Ajali iliyochukua wengine pamoja naye, kwa sababu familia nyingine nazo zitasoma. Kifo cha ghafla nacho kinahitaji subira: wiki ya kwanza watu bado wanauliza "ilikuwaje", na kichekesho kinatua mahali pabaya. Hakuna sheria kwamba lazima uandike sasa hivi. Kumbukumbu ya mwaka mmoja mara nyingi ndiyo nafasi bora.

Kwa aliyezeeka, au aliyeugua muda mrefu huku akitania ugonjwa wake, njia iko wazi. Hata hapo, tania maisha yake na uiache namna alivyokufa, isipokuwa kama yeye mwenyewe ndiye aliyeanza.

Nitumie neno gani badala ya "amefariki"?

"Amefariki" linatosha. Lakini kwa kuwa umeuliza, hili ni duka lililojaa. Ametutoka, ameaga dunia, ametangulia mbele ya haki, amekata roho, ameitwa. Kila neno lina uzito wake, na ukimwandikia mtu aliyekuwa na ulimi mkali maneno laini mno, wasomaji watadhani mmekosea maiti.

Mimi hupenda kurudi kwenye maana za asili. Kufariki ni kuachana, hivyo aliyefariki dunia ameachana nayo. Mtu mmoja aliyekuwa akigombana na kila kitu, kuanzia hali ya hewa hadi viatu vyake, aliandikiwa: "Ameachana na dunia baada ya uhusiano mrefu uliojaa migogoro." Neno "hayati" nalo limezoeleka kwa viongozi na watu wakubwa. Kumwita hayati mjomba ambaye utawala wake wote uliishia kwenye rimoti ya televisheni ni mzaha uliokamilika wenyewe, usiongeze neno.

Inafaa kusomwa kwa sauti mbele ya watu?

Inafaa, kama msomaji anaweza kungoja. Kicheko cha kwanza msibani hutoka kwa kuchelewa, kwa sababu kila mmoja anamtazama jirani kwanza kuona kama inaruhusiwa. Ukiharakisha, unakiua.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Desemba 1989, London, kwenye ibada ya kumkumbuka Graham Chapman wa kundi la wachekeshaji la Monty Python. Mwenzake wa kundi, John Cleese, alisimama akaanza kuorodhesha tafsida za kifo, moja baada ya nyingine, zikitoka kwenye mchezo ambao wawili hao waliuandika pamoja. Kisha akatangaza kwamba ni heri ameondoka mnyonyaji yule. Ukumbi ukacheka. Akaeleza kwamba Chapman asingemsamehe kamwe kama angeipoteza nafasi ile ya kuwashtua watu kwa niaba yake. Ukiondoa maelezo hayo, kilichobaki ni tusi.

Naweza kujiandikia yangu mwenyewe?

Unaweza, na una faida kubwa: unaweza kujisema vibaya kadiri upendavyo bila kumkosea mtu. Benjamin Franklin alijiandikia maneno ya kaburi mwaka 1728, akiwa na miaka 22 tu. Alikuwa mpiga chapa, basi akaulinganisha mwili wake na jalada la kitabu kikuukuu kilichonyofolewa kurasa, kikawa chakula cha funza, lakini akaahidi kwamba kitatoka tena katika toleo jipya lililosahihishwa na Mtunzi. Alikufa 1790, na kaburi lake Philadelphia halina hata mstari mmoja wa hayo: lina majina yake na ya mkewe, pamoja na mwaka. Somo la kiutendaji: kama unataka maneno yako yatumike, mkabidhi mtu mkononi, na umwambie mwingine kwamba umemkabidhi.

P. T. Barnum, yule tajiri wa maonyesho na sarakasi, hakutaka kubahatisha. Machi 1891, akiwa mgonjwa, gazeti moja la New York lilimchapishia tanzia yake aisome mwenyewe. Alifariki Aprili 7. Hakuna aliyewahi kutangaza onyesho lake la mwisho vizuri zaidi.

Ukijiandikia, acha nafasi ya tarehe, na usitaje umri. Pia pitia orodha ya marafiki kila baada ya miaka michache. Wengine watakuwa wametangulia, na wengine hamtakuwa mkisalimiana.

Lazima iwe kwa nafsi ya tatu?

Hapana, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Katika kijiji cha Săpânța, kaskazini mwa Romania, kuna makaburi ambayo wafu wake ndio wanaozungumza. Kuanzia 1935 fundi aitwaye Stan Ioan Pătraș alichonga misalaba ya mwaloni, akaipaka rangi ya samawati, akachora picha ya marehemu na kuandika chini yake beti za "mimi fulani", zikieleza alivyoishi, alivyokunywa, alivyogombana. Pătraș alifariki 1977 baada ya kuuchonga hata msalaba wake mwenyewe, na mwanafunzi wake akaendeleza kazi. Leo misalaba ni mamia. Siri yake ni nafsi ya kwanza: marehemu akijisema mwenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Huko Meksiko nako wana calavera, mashairi ya kejeli ambayo humwandikia hata aliye hai kana kwamba kifo kimeshamchukua.

Sisi wenye vina na mizani hatuna kisingizio. Hii ni ya mtu aliyejulikana kwa kubana matumizi:

*Hapa chini nimelala, nawasikia mwateta,*
*Wadai wangu jumla, hawana la kukamata,*
*Leteni ua, si hela, kutumia sitapata,*
*Mkimaliza kuteta, zimeni na hizo taa.*

Umbo la kuazima nalo hufanya kazi: barua ya kuacha kazi, mwongozo wa kutumia mashine, matokeo ya mechi. Mwalimu anaweza kuandikiwa ripoti ya shule, "Hisabati: A. Kusikiliza: anaweza kujitahidi zaidi." Ila umbo la kuazima huchosha haraka. Likivuka maneno 200, msomaji ameshaelewa mzaha na anasubiri mumalize.

Iwe ndefu kiasi gani?

Maneno 300 hadi 500. Ukizidisha, uwe na sababu.

Na jiwe la kaburi?

Hapo ni sentensi moja, na wenye makaburi wana neno la mwisho. Mchekeshaji Spike Milligan, aliyefariki 2002, alitaka jiwe lake liseme "Niliwaambia naumwa." Wakuu wa kanisa walikataa maneno hayo kwa Kiingereza, yakakubaliwa kwa Kiirishi, na ndivyo yalivyo hadi leo. Marcel Duchamp, msanii Mfaransa, kaburi lake huko Rouen linasema kwamba, hata hivyo, wanaokufa huwa ni wengine siku zote. Uliza kanuni za makaburi kabla ya kumlipa mchongaji. Maneno yaliyochongwa hayafutiki kwa radhi.

Sheria inasemaje?

Kwa ujumla, katika sheria za Uingereza na Marekani, marehemu hawezi kukashifiwa, wala warithi hawawezi kudai fidia kwa niaba yake. Usifurahi mapema. Walio hai uliowataja ndani ya tanzia wanaweza kudai, na ndio wanaosahaulika. "Ameacha mume ambaye hakuwahi kufanya kazi" ni sentensi kuhusu mume, na mume yupo. Ujerumani, kuichafua kumbukumbu ya marehemu ni kosa chini ya kifungu cha 189 cha sheria yao ya jinai. Pitia sheria ya mahali unapochapisha.

Kuna habari ambazo sipaswi kuweka?

Tarehe kamili ya kuzaliwa, jina la ukoo la mama yake, anwani ya nyumba. Matapeli husoma tanzia, na wezi nao, hasa ikitaja saa ambayo familia nzima itakuwa makaburini. Mwaka wa kuzaliwa unatosha.

Ni uchuro kuandika kabla mtu hajafa?

Magazeti makubwa huandika miaka mingi kabla. Mchekeshaji Bob Hope alipofariki 2003, tanzia yake katika The New York Times ilikuwa na jina la Vincent Canby, ambaye mwenyewe alikuwa ameshakufa tangu 2000. Hatari iko kwenye kitufe: Agosti 2008 shirika la habari la Bloomberg lilichapisha kwa bahati mbaya tanzia ya Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, akiwa hai, naye mwezi uliofuata akapanda jukwaani akiwatania kwa maneno ya mwandishi Mark Twain. Twain mwenyewe, mwaka 1897, alikuwa amemwandikia mwanahabari kwamba taarifa ya kifo chake ilikuwa imetiwa chumvi.

Na kutangaza kifo cha aliye hai kwa mzaha?

Jonathan Swift, mwandishi aliyesifika kwa kejeli, alifanya hivyo mwaka 1708. Kwa jina la bandia alitabiri kwamba mnajimu John Partridge angekufa Machi 29, kisha siku ilipopita akachapisha habari za "kifo" hicho. Partridge alihangaika kuthibitisha kwamba yu hai. Swift alikuwa Swift, na Partridge aliishi kwa kuwatabiria wengine vifo. Wewe acha.

Nifanyeje mazoezi?

Andikia vitu. Friji iliyokufa, baiskeli, simu iliyozama chooni. Ni mazoezi halisi, maana kitu hakina sifa za kujificha nyuma yake. Lazima useme ilifanya nini. "Katika miezi yake ya mwisho ilipoza mlango tu." Wahusika wa hadithi pia wanafaa: Agosti 6, 1975, The New York Times liliweka tanzia ya Hercule Poirot, mpelelezi asiyewahi kuwepo, ukurasa wa mbele.

Programu ya kompyuta inaweza kuniandikia?

Inaweza kukupangia tarehe. Habari za basi lile ambalo marehemu alikataa kushuka haina, mpaka uiambie, na ukishaiambia umeshaandika.

Nani aisome kabla haijatoka?

Watu watatu. Wa kwanza ni yule aliye karibu zaidi na marehemu, na huyo ana kura ya turufu. Akisema "hapana" kwa sentensi, sentensi inatoka, hata kama ndiyo bora kuliko zote (mara nyingi ndiyo yenyewe, nami nimeshazika kadhaa). Wa pili ni mtu ambaye hakumjua marehemu kabisa, akuonyeshe mizaha inayohitaji kuelezwa. Wa tatu ni yule shangazi anayejua majina ya wajukuu wote na tahajia zake. Mpe yeye mwisho, ukiwa na kalamu mkononi, kwa sababu atamwongeza mmoja uliyemsahau, na atataka kujua ni nani aliyemweka debe la misumari kwenye orodha ya wafiwa.